Kalafati ya Chuma

Ukitaka kujenga chesisi ya gari, usianze na chuma. Anza na sakafu. Nawaambia hivyo wote wanaokuja kujifunza kwenye kibanda changu cha kuchomelea hapa Kibiti, na wote hunitazama kama mtu anayewacheleweshea chakula. Chesisi ndiyo mifupa ya gari. Ukiilaza mahali penye bonde itazaliwa na bonde hilo, na hutaliona mpaka siku gari liko mbioni linaanza kuvuta upande, kama lina mahali pake linapotaka kwenda. Sakafu yangu niliimwagia zege mwenyewe na kuipima kwa pima maji hadi magoti yakachubuka. Udongo wa huku kwetu, hasa ule mweusi wa bondeni, mimi siuamini. Kiangazi unapasuka, masika unavimba, na chochote ulichokiegemeza juu yake kinahama bila kukuaga.

Hayo yote nilimwambia shemeji yangu. Yeye ni mume wa dada yangu, na kwa kazi ni fundi wa mashua, mzaliwa wa Maparoni, kule visiwani ambako mtu huijua mikoko kabla hajaijua barabara. Amejenga mashua na mitumbwi kwa tezo na jicho. Hana futi, hana skwea. Analala kifudifudi, anafumba jicho moja, anasema hapa toa unene wa kidole, na ukiutoa kweli ubao unakaa. Nilimheshimu kwa hilo na bado namheshimu. Lakini niliingiwa na wasiwasi tangu siku aliponijia na simu mkononi, macho yamemtoka, akanionyesha video za watu wa ng'ambo wanaochukua gari kuukuu, wanalivua bodi, wanalijengea chesisi mpya ya chini na nyepesi, kisha wanalipachika injini ya kutisha.

“Mke mdogo, umewaona hawa?” aliniuliza. Kwetu shemeji ana ruhusa ya kuniita hivyo, na mimi nina ruhusa ya kumjibu nipendavyo.

“Nimewaona. Hao wana akili zao. Weye zako ziko wapi?”

“Zangu anazo dada'ko. Nataka nimjengee gari la kamba. Litoke Nyamisati lifike hapa barafu ingali ngumu.”

Hapo sikumtania tena, maana shida yenyewe ilikuwa ya kweli. Dada yangu hununua kamba, wale wa baharini, huko Nyamisati, kule zinakotia nanga boti za kutoka visiwani, Mbuchi na kwingineko, anawafunika kwa barafu na kuwaleta Kibiti. Aliwaleta kwa bodaboda, boksi limefungwa nyuma kwa mpira, maji ya barafu yakimchuruzikia miguuni njia nzima. Kamba wakishalegea hakuna anayewataka. Mara ngapi nimemwona akirudi amevimba macho, anamwaga boksi zima nyuma ya nyumba, paka wa mtaa wakishangilia.

Kwa hiyo tukaanza. Bodi ya pikapu ilikuwa imelala kwa jirani, kuku wakitagia ndani. Injini shemeji aliipata kutoka kwenye basi dogo lililopinduka, na sikupenda ilikotoka. Ilikuwa nzima, ikawaka mara moja, ikanguruma hadi mabati ya kibanda yakatetemeka, na watu wakaja kutazama. Dada alikuja pia. Akaingia ndani ya ile bodi tupu, akafukuza kuku, akaketi upande wa kushoto juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mie kiti changu hiki hapa,” alisema. “Kamba wangu nyuma, mume wangu pembeni. Nani kama mie?”

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo. Nilitazama chini ya ile ndoo, mahali ambapo chesisi bado haikuwepo, nikaona mchanga tu na kinyesi cha kuku. Tangu siku hiyo kila chuma nilichokigusa kwa ajili ya lile gari nilikiona kiko chini ya dada yangu.

Vifaa vya mtu anayeanza si vingi. Mashine ya kuchomelea, grenda ya kukatia na kusagia, jiriwa ya kubania, nyundo, futi, skwea, uzi, chaki, na ngao ya uso. Ngao usiiazime, nunua yako. Nimeona watu wazima wakilia usiku kucha na viazi vibichi juu ya macho kwa sababu ya dakika chache za ubishi bila ngao. Chuma kikiwa na kutu, kisugue hadi king'ae kabla ya kukigusa kwa moto. Halafu shikiza kwanza: tone moja hapa, jingine upande wa pili, rudi huku, nenda kule. Chuma cha moto huvuta kikipoa, na ukichomelea upande mmoja mfululizo asubuhi utakuta chesisi imejikunja. Kila baada ya matone kadhaa pima kwa uzi, kona kwa kona. Nyuzi mbili zikilingana, endelea. Zisipolingana, kata. Usijipe moyo.

La mwisho nililomwambia shemeji ndilo nililolisema kwa ukali zaidi. Vipande viwili vya chuma vikutane vyenyewe kabla ya moto. Vikiacha mwanya, usiuzibe. Tupa, kata kingine.

Alinicheka. “Mbona weye waogopa mwanya hivyo? Sie mwanya ndio kazi yetu.”

Na alikuwa na haki ya kucheka. Mbao za mashua hazikutani zote. Fundi anachukua pamba iliyolowa mafuta, anaishindilia kwenye mianya kwa patasi butu na nyundo, taratibu, ubao kwa ubao. Hiyo ndiyo kalafati. Kisha mashua inashushwa majini, mbao zinakunywa, zinavimba, mwanya unajifunga na pamba ndani yake. Nimeziona mashua zake. Ni kavu ndani kama sahani.

“Chuma hakinywi maji, shemeji,” nilimwambia. “Kinaoza tu.”

“Nimesikia.”

Alisema kwa sauti ya mtu anayetaka uende ukaendelee na shughuli zako.

Basi mama yetu akashikwa na homa, kule Ikwiriri anakoishi, nikaenda kumuuguza. Ufunguo wa kibanda nilimwachia shemeji na sharti moja: ashikize tu, asichomelee kamili mpaka nirudi. Mama alipopata nafuu mpunga wake ulikuwa umeshaiva huko Chumbi, ng'ambo ya mto, na ndege walikuwa wameanza kuushambulia. Dada akaja kuvuna, mimi nikarudi Kibiti asubuhi kuangalia kazi zangu zilizolala.

Chesisi ilikuwa imekwisha. Imechomelewa yote, imesagwa, imepakwa rangi nyeusi. Ilikuwa juu ya mawe ya tofali katikati ya sakafu yangu, inang'aa, na majirani wawili walikuwa wameiinamia kama watu waliokwenda kuona mtoto mchanga. Maungio huwezi kuyaona. Pale bomba moja linapokutana na jingine palikuwa laini kabisa, unapitisha kiganja usiguse kitu.

Mtu asiyejua angefurahi. Mimi nikainama kutafuta mgongo. Uchomeleaji mzuri huacha mgongo, matuta madogo yaliyolaliana kama magamba ya samaki, na ule mgongo ndio nguvu yenyewe. Ukiusaga ukawa bapa, umeondoa nyama umeacha ngozi. Na mtu hausagi mgongo ulionyooka. Anasaga kitu ambacho hataki kionekane.

“Nilikwambia ushikize tu!”

“Nilishikiza. Kisha nikaona mkono umezoea, nikamalizia.” Alikuwa anatabasamu, lakini ananitazama usoni kama mwanafunzi. “Tena si hii tu. Jamaa mmoja wa trekta wa Ikwiriri alikuja, mkono wa tela lake umekatika, ile chuma ndefu inayoshika trekta. Hukuwepo. Nikamtengenezea mpya. Kaupaka bluu mwenyewe.”

Simu yake ikalia hapo hapo. Alikuwa dada, sauti imechanganyika na vicheko vya wanawake. Alikuwa akimwambia mumewe kuwa leo hawaendi shamba kwa miguu. Trekta limewafuata, lina tela, na amemuuliza mwenye trekta nani kamtengenezea mkono mzuri hivi. “Nimekaa mbele kabisa,” alisema, “miguu yaning'inia juu yake. Nimewaambia wote, huu mkono ni wa mume wangu.” Shemeji alicheka kwa furaha ambayo sijamwona nayo tangu harusi yao. Nilisikia kila neno. Lakini akili yangu ilikuwa imeng'ang'ania chesisi, na nilikuwa nimeshika nyundo.

Nikagonga bomba katikati. Likalia vizuri, sauti ndefu. Nikagonga kwenye ungio la kwanza. Likalia. La pili likasema ko, kama unagonga mlango wa chumba kilichojaa magunia. Nikarudia. Ko.

“Umetia nini humu?”

“Sijatia kitu.”

“Shemeji!”

“Basi nitie nini tena? We'e hasira tu, hasira tu. Mie nimejenga vyombo vinavyobeba watu na mchele baharini, hakuna aliyezama. Hata siku moja.” Sasa alikuwa amekasirika kweli, na majirani waliondoka kwa adabu.

Sikubishana. Kuna njia ya kuliuliza ungio lenyewe. Nilifundishwa na mtengeneza matangi ya maji, na namfundisha kila anayeanza, kwa sababu haihitaji chombo chochote cha dukani. Unakoroga chaki na maji, unapaka nje ya ungio, unaacha ikauke hadi iwe nyeupe kabisa. Kisha ndani unamimina mafuta ya taa. Kama ungio ni zima, chaki itabaki nyeupe. Kama kuna ufa, hata mwembamba kuliko unywele, mafuta yataupata. Yana subira.

Tulikwangua rangi kwenye maungio, tukapaka chaki ikakauka, kisha tukainua chesisi upande mmoja, nikamimina mafuta kwenye mdomo wa bomba, tukakaa juu ya ndoo zetu kutazama. Barabarani malori ya kusini yalikuwa yakipita na sakafu ikitikisika kidogo kila mara. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Shemeji hakuinuka, na mimi sijawahi kumwona akiisikia bila kuinuka.

Kwanza likaja doa dogo, la ukubwa wa punje ya mtama. Kisha jingine kando yake. Yakanyooshana, yakashikana, na mstari mweusi ukajichora wenyewe kwenye ile chaki, ukazunguka kona, ukaenda mpaka chini. Kwenye ungio lililofuata ulitokea mwingine. Kisha wa upande wa pili.

“Linavuja,” alisema shemeji polepole. Hilo neno analijua. Amelala chini ya mashua miaka yote akilitafuta hilo tu.

Nikayamwaga mafuta yote, nikachukua grenda nikakata. Ndani ya ungio kulikuwa na vipande vya nondo, vimekatwa vidogo vidogo na kushindiliwa kwa nyundo, vimebanana vizuri, kwa ustadi kabisa, ubavu kwa ubavu. Juu yake kulikuwa na utando wa chuma cha kuchomelea, mwembamba kama ganda la yai. Kazi safi ya kalafati. Bomba lilikatwa fupi, mwanya ukabaki, naye akauziba.

“Sikukusudia,” alisema. “Mkono uliona mwanya. Ukafanya unachokijua.”

Nilikuwa nimefungua mdomo kumporomoshea yote niliyokuwa nayo. Nikaona hanitazami mimi wala chesisi. Alikuwa anatazama barabarani, upande wa Ikwiriri, na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

“Na tela?” aliuliza.

Namba ya dada haikupatikana. Ya mwenye trekta iliita, ikaita, ikakatika, na nilijua kwa nini: mtu aliye juu ya trekta hasikii hata mawazo yake. Tulipanda bodaboda moja, dereva, mimi, shemeji nyuma, nimekumbatia nyundo na jeki ndogo kama mtu anayekwenda kuiba. Sikumbuki vijiji vya njiani. Nakumbuka shemeji akisoma aya chini kwa chini mgongoni mwangu, na kila akimaliza anaanza upya. Nakumbuka pia kwamba kila tulipopishana na watu wanaotoka upande wa mto niliwatazama nyuso kuona kama wameona kitu.

Pale Ikwiriri hatukusimama. Tukaingia daraja refu la mto. Chini maji yalikuwa ya kahawia, yamepungua, mafungu ya mchanga yamejitokeza na vitu vimelala juu yake ambavyo vinaweza kuwa magogo. Dereva wa bodaboda akauliza tunamkimbilia nani. Nilimwambia aongeze mwendo.

Ng'ambo, barabara imejengwa juu ya tuta refu, na kushoto na kulia ni bonde lenye maji yaliyoachwa na mafuriko. Ndipo tukaliona. Trekta lilikuwa linapanda taratibu kuelekea darajani, likitoa moshi mweusi, na nyuma yake tela limejaa magunia ya mpunga, na juu ya magunia wanawake, kanga za kila rangi, wanaimba. Mbele kabisa, miguu ikining'inia, alikuwa dada yangu.

Shemeji aliruka kabla bodaboda haijasimama. Akaanguka, akainuka, akasimama katikati ya barabara mikono juu. Trekta likasimama. Wimbo ukavunjika, kicheko kikaanza. Mwanamke mmoja akapiga kelele, “Mtu na mkewe! Hajamwona tangu asubuhi, kashindwa kuvumilia!”

Nilijiingiza chini ya tela. Rangi ya bluu ilikuwa imepasuka kuzunguka ungio lote. Ndani ya mpasuko niliona kipande cha nondo, na kile kipande kiling'aa kama shilingi mpya. Kilikuwa kimesuguliwa. Maana yake lile ungio lilikuwa likicheza, likifunguka na kufunga, safari baada ya safari, chini ya miguu yao. Kidole changu kiliingia kwenye ufa bila kulazimisha.

“Shukeni!” nilisema. “Wote. Sasa hivi.”

“Kwa nini?” Dada hakujongea. Alinitazama kwa macho ambayo nayajua toka utotoni. “Huu mkono kautengeneza mume wangu. Weye usimwaibishe mbele za watu kwa vile hukuufanya wewe.”

Na wenzake wakamwunga mkono. Kuna jua, kuna magunia, nyumbani kuna watoto, nani atembee. Mwenye trekta naye akaanza kufoka kwamba ametoka shamba la mbali salama na sasa anasimamishwa na mwanamke mwenye nyundo. Hapo niliona kuwa maneno yangu hayatamshusha mtu. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye dada yangu angemsikiliza, na ili amsikilize ilibidi mumewe aseme jambo ambalo fundi halisemi.

Shemeji alikuwa ameshika gurudumu la tela kwa mikono miwili, kana kwamba angeweza kulizuia.

“Mama,” alimwambia mkewe. Humwita hivyo akiwa na haya. “Sikuunga. Niliziba.”

Dada alimtazama, akawatazama wenzake aliokuwa amejisifu kwao tangu asubuhi. Akateremka. Kiatu kimoja kikabaki kati ya magunia na hakukirudia. Wengine wakafuata, wakinung'unika, wakashushana, wakasimama kando ya barabara na miundu yao na mafurushi. Niliwasukuma kando wote waliokuwa nyuma ya tela, mmoja mmoja, na kuna walionitukana.

Mwenye trekta alikuwa bado anafoka. Alisema atawaonyesha, ataupanda huu mlima mwenyewe na mzigo wake, tutaona nani muongo. Akaweka gia. Trekta likajivuta mbele.

Tela halikwenda nalo. Kulitokea mlio mfupi tu, hata si mkubwa, na mkono ukadondoka barabarani. Tela likakaa kimya kidogo kama linafikiri. Kisha likaanza kurudi nyuma, taratibu, likapita pale walipokuwa wamesimama waliokuwa wakinitukana, likashika kasi, likavuka ukingo na kushuka tutani. Lilipinduka mara mbili kabla ya kufika majini. Magunia yalipasuka na mpunga wa mama ukaelea, dhahabu juu ya maji meusi, na ndege waliuona kabla yetu.

Dada alikuwa amesimama kwenye lami ya moto na kiatu kimoja. Hakulia. Alitazama mguu wake mtupu, akatazama bondeni, mahali palipokuwa na kile kingine.

Chesisi tuliikata yote, tukaanza upya kutoka sakafuni. Safari hii shemeji alipima kwa uzi hadi mimi nikachoka, alitupa bomba zima kwa mwanya wa unene wa karatasi, na kila ungio tulilipaka chaki na kulimiminia mafuta. Tuliacha kutwa kucha. Chaki ilibaki nyeupe. Nilikwea juu yake nikarukaruka, mimi na uzito wangu. Ni chesisi nzuri kuliko yoyote iliyowahi kutoka kwangu, nasema bila aibu, na ile injini ikiwaka juu yake mabati bado yanatetemeka. Gari lingeweza kufika Kibiti barafu ikiwa haijatoa hata tone.

Halifiki hivyo. Kamba wanapanda gari, na kiti alichojichagulia dada, cha mbele upande wa kushoto, hakikalii; kina boksi la barafu. Dada yangu anakuja nyuma kwa bodaboda, karibu, akikodolea macho chini ya tela... chini ya gari, nilitaka kuandika, na mkono umeandika unachokijua. Shemeji anamwona kwenye kioo. Injini yote ile, na njia nzima anakwenda polepole, ili asimwache.